Watoto wanne na wanyama wanane wa Kifaransa

Pendekezo lililoletwa kikaoni lilikuwa la mistari miwili: watoto wanne waondolewe kwenye vipindi vya Kifaransa, wakae chumba cha pili na mwalimu msaidizi, wapewe shughuli "zinazolingana na uwezo wao". Darasa lina watoto 31 wa miaka 5 na 6. Kwa wiki kadhaa walikuwa wamefundishwa majina ya wanyama wanane, na karatasi ya tathmini ilionyesha kwamba wengi wametaja matano na kuendelea. Hao wanne walikuwa na sifuri au moja.

Kisa hiki nimekisuka kutokana na mambo yanayojirudia katika madarasa jumuishi, yaani yale ambamo watoto wenye ulemavu na wasio nao husoma pamoja, kwa hiyo asitafute mtu ni shule gani wala mwalimu yupi. Msimamo wangu nautoa mapema: kilichofeli hapa ni orodha ya maneno na namna ya kuuliza. Watoto wale wanne ndio waliokuwa wa kwanza kuuonyesha ufa.

Waliotakiwa kuondolewa

Wa kwanza ni mvulana anayevaa shimesikio, kifaa cha kumsaidia kusikia, masikio yote mawili. Lugha ya darasa anaizungumza vizuri, ni mtundu, ana utani mwingi, na kwa sababu hiyo watu husahau upesi kwamba hasikii sawa na wenzake. Wa pili ni msichana mwenye sindromu ya Down, ambaye huongea neno mojamoja na mikono yake husema mengi kuliko mdomo. Wa tatu ni mvulana mwenye usonji. Akiulizwa jambo, mara nyingi hurudisha swali lenyewe kama alivyolisikia. Wa nne ni msichana asiye na cheti chochote cha daktari. Kwao wanazungumza lugha nyingine kabisa, lugha ya darasa ndiyo kwanza anaizoea, na tangu aanze shule hajamwambia mwalimu neno hata moja kwa sauti.

Huyu wa nne ndiye aliyenifanya nilitilie shaka pendekezo zima. Wenzake watatu wana ripoti za wataalamu kwenye mafaili yao. Yeye alitiwa kapu moja nao kwa sababu tu hakufungua mdomo siku ya tathmini. Ikiwa kipimo kinaweza kumweka mtoto asiye na ulemavu wowote kwenye orodha ya wasioweza, basi hata wale wengine tuna haki ya kuuliza kipimo kimewaonaje.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Mwalimu anainua kadi ya picha, anauliza "Qu'est-ce que c'est?", yaani hiki ni nini, na mtoto anataja. Akikawia kidogo, kadi inashushwa, kosa linaandikwa, zamu inakwenda kwa mwingine. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha mwaka 1974 kwamba walimu, wakishauliza swali, kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kulirudia, kulijibu wenyewe au kumhamia mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yaliongezeka na kurefuka. Hiyo ilikuwa kwenye masomo ya sayansi, kwa watoto wakubwa kidogo, kwa lugha wanayoijua. Mtoto wa miaka 5 anayetafuta neno la lugha asiyoijua anahitaji zaidi ya hapo, na yule wa sindromu ya Down zaidi tena.

Kwenye karatasi ya mvulana wa tatu mwalimu alikuwa ameandika: "Anarudia swali. Hajui." Nilimwomba anieleze alivyorudia. Akasema, "Kama nilivyosema mimi, Mwalimu. Neno kwa neno." Nikamuuliza kama yupo mtoto mwingine darasani anayeweza kuisema sentensi hiyo yote. Akafikiri, akasema hakuna. Kwa maneno mengine, kati ya watoto 31, ni mmoja tu aliyekuwa ameshika sentensi kamili ya Kifaransa, kwa mlio na mpando wake, na ndiye aliyewekewa sifuri.

Kurudia namna hiyo kulikuwa kukichukuliwa kama tabia ya kuzuiwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi za mtaalamu wa usemi na lugha Barry Prizant na wenzake zimeonyesha kwamba mara nyingi kurudia huko kuna kazi: mtoto anashika zamu yake kwenye mazungumzo, anajipa muda wa kuelewa, anaomba, anakubali. Katika kisa chetu ilikuja kubainika wazi. Kadi zilipoachwa mkekani, mvulana aliokota moja, akamsogezea mwalimu usoni na kusema, "Qu'est-ce que c'est?" Mwalimu akataja jina. Akaokota nyingine. Alikuwa akimwendesha mwalimu wake vizuri kabisa.

Kupima upya

Tulikubaliana kipimo kirudiwe bila kumlazimisha yeyote kusema. Vitu vya kuchezea vya wanyama vikawekwa sakafuni, vinne vinne, na mwalimu msaidizi akawa anataja jina moja. Mtoto anaokota na kukitia sandukuni. Mtoto anasubiriwa mpaka aamue mwenyewe.

Msichana mkimya alipata 7 kati ya 8. Sikushangaa. Watoto wengi wanaoingia kwenye lugha mpya hupitia kipindi cha kusikiliza bila kusema, na kipindi hicho chaweza kuchukua majuma au miezi. Hapa alikuwa anabeba lugha mbili mpya kwa mpigo. Mvulana mwenye usonji alipata 6, maana safari hii hakukuwa na swali la kurudisha, kulikuwa na jambo la kufanya. Msichana mwenye sindromu ya Down alipata 3. Mvulana wa shimesikio naye 3, lakini 3 zake zilikuwa za namna ya pekee: mouton, oiseau na poisson, yaani kondoo, ndege na samaki, hakukosea hata kidogo kila zilipotajwa. Matano yaliyobaki alikuwa anabahatisha waziwazi, macho yakimfuata mwalimu msaidizi kuona atatabasamu lini.

Nikaomba tuwapime pia watoto sita kutoka kundi la "waliofaulu", kwa namna ileile. Hapo kikao kilichofuata kilianza kubadilika sauti. Wawili tu walifika 7. Wengine walichanganya chien na chèvre, cheval na chat. Mmoja, aliyekuwa na alama kamili kwenye karatasi ya kwanza, alipoulizwa kwa kadi zilizochanganywa alianza kunong'ona kutoka mwanzo, "chat, chien, cheval..." huku akihesabu kwa vidole, mpaka afike kwenye kadi aliyoonyeshwa. Kumbe kadi zilikuwa zikionyeshwa kwa mpangilio uleule kila siku. Watoto walikuwa wameshika mfuatano, na kwa kuwa waliitikia kwa pamoja, wasiojua walibebwa na sauti za wanaojua. Mtoto asiyeweza kubebwa na sauti ya wengi, kwa sababu haisikii vizuri au haimudu kasi yake, ndiye pekee aliyeonekana hajui.

Majina matano, sauti moja

Tazama majina yaliyomshinda mvulana wa shimesikio. Chat ni paka, chien mbwa, cheval farasi, chèvre mbuzi, vache ng'ombe. Yote matano yana ile sauti ambayo Kiswahili huiandika "sh". Nguvu ya sauti hiyo, kama ilivyo kwa "s" na "f", iko kwenye masafa ya juu, yaani milio myembamba, na kwa watu wengi wenye upungufu wa kusikia pengo kubwa liko hukohuko juu. Shimesikio husaidia, lakini hakirudishi usikivu wa kawaida, na husaidia zaidi msemaji akiwa karibu. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Chumbani mwenye watoto 31 kuna na mwangwi wa kuta, na viti vinavyokwaruza sakafu.

Kuna kipimo rahisi ambacho mwalimu yeyote anaweza kukifanya asubuhi kwa dakika mbili, kinachojulikana kwa jina la Daniel Ling: sauti sita, a, u, i, m, sh na s, ambazo kwa pamoja zinagusa masafa yote ya usemi kuanzia chini hadi juu. Msemaji anaufunika mdomo usionekane, bila kuuziba, anatoa sauti moja, mtoto anairudia au anainua mkono. Mwalimu msaidizi alikifanya. Akiwa mita moja, mvulana alizipata zote. Akiwa pale mwalimu anaposimama kwa kawaida, mbele ya ubao, "sh" na "s" zilipotea. Siku ya pili kipimo hichohicho kikaonyesha kwamba sikio la kushoto halipati chochote: betri ilikuwa imekwisha. Betri hizo huisha ndani ya siku, si miezi, na hapo shuleni hakuna aliyekuwa amepewa jukumu la kuziangalia. Mzazi alidhani shule inaangalia, shule ikadhani mzazi. Niliandika jambo hili kwenye taarifa kwa herufi nzito, maana hakuna mbinu ya kufundishia msamiati inayoshinda betri iliyokufa.

Midomo nayo ina mipaka yake. Mtoto anayesaidiwa na kuangalia midomo haoni tofauti ya "m", "p" na "b". Zote ni midomo iliyofungwa na kufunguliwa. Poisson, samaki, na boisson, kinywaji, machoni ni neno moja. Kwa bahati orodha ya wanyama haikuwa na jozi ya namna hiyo, ila vitabu vingi vinazo, na huwezi kuziona mpaka uzitafute. Njia ya kuzitafuta ni hii: mwalimu anayasoma maneno yote ya wiki bila kutoa sauti, mwenzake anamwangalia na kuandika anachodhani kimesemwa. Yale yanayogongana yasifundishwe wiki moja.

Ila tusimwachie shimesikio lawama yote, kwa sababu wale sita wa kundi la "waliofaulu" wanasikia vizuri na wengi wao walichanganya majina yaleyale. Orodha ilikuwa na ugumu wa pili: maneno yote ni ya kundi moja la maana. Watafiti Thomas Tinkham mwaka 1993, na Robert Waring mwaka 1997, walionyesha kwamba maneno mapya ya jamii moja yakifundishwa kwa pamoja hushindana kichwani na huchukua muda mrefu zaidi kushikwa kuliko maneno yasiyohusiana. Majaribio yao yalikuwa kwa watu wakubwa na kwa maneno ya kubuni, kwa hiyo sidai kwamba yanamweleza mtoto wa miaka 5 moja kwa moja. Lakini anayekaa darasani anayaona: wiki ya rangi, mtoto anaita nyekundu bluu, wiki ya viungo vya mwili, anashika goti akiambiwa kiwiko. Maneno yanayofanana kwa maana, na juu yake yanafanana kwa mlio, ni mtego uliotegwa mara mbili. Na kwa mtoto mwenye sindromu ya Down, ambaye kwa kawaida kumbukumbu yake ya muda mfupi ya yale anayoyasikia ni dhaifu kuliko ya yale anayoyaona, ndiyo kabisa.

Mada kama "wanyama" au "rangi" ni raha ya mpangaji wa kitabu. Zinapendeza kwenye yaliyomo. Tinkham mwenyewe, katika utafiti mwingine wa 1997, aliona kwamba maneno yanayokutana kwenye tukio moja, kitu na tendo lake na mahali pake, hushikika vyema kuliko yale ya jamii moja. Hapo ndipo tuliposhika.

Orodha mpya

Mwalimu wa lugha hakufurahia kuambiwa apunguze. Muhtasari unataka maneno manane, wazazi wameona manane. Tulivutana, na mwisho tukabaki na sita: chat, oiseau, boîte, dort, saute, tombe. Paka, ndege, sanduku, analala, anaruka, anaanguka. Majina ni matatu na vitendo vitatu, yote yanaweza kuonekana kwa macho na kufanywa kwa mikono, na yote yanaingia kwenye kihadithi kimoja cha ndege na paka wanaogombea sanduku. Ukiyasoma bila sauti, tombe inaishia midomo imefungwa, boîte inaanza midomo imefungwa, chat inaachia mdomo wazi. "Sh" imebaki moja tu, na haina wa kugongana naye. "S" ya saute mvulana wetu huenda asiisikie, ila mruko wenyewe unaibeba.

Kila neno likapewa ishara moja ya mkono. Kuhusu hili nina ukali kidogo. Ikiwa darasani yumo mtoto ambaye tayari anatumia lugha ya alama, au ishara alizofundishwa na mtaalamu wake wa usemi, basi ishara za darasa ziwe hizohizo. Msichana mwenye sindromu ya Down alikuwa na ishara zake za paka, kulala na kuanguka tangu akiwa na miaka 3. Kumbunia nyingine eti za kupendeza zaidi ni kumfundisha neno moja mara mbili. Darasa zima likajifunza za kwake, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa mbele akionyesha. Ndiyo, alijua alichokuwa akifanya. Alimsahihisha mwenzake kidole.

Ishara si mapambo. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1960 alijenga njia nzima ya kufundisha lugha juu ya amri zinazoitikiwa kwa mwili: simama, geuka, ruka, kabla ya kudai usemi wowote. Mtafiti Marion Tellier mwaka 2008 alilinganisha watoto Wafaransa wa takriban miaka 5 waliokuwa wakijifunza maneno ya Kiingereza: waliofanya ishara wenyewe wakati wa kurudia neno baadaye waliweza kuyataja maneno vizuri zaidi kuliko walioonyeshwa picha. Wenyewe ndilo neno zito hapo. Kumtazama mwalimu akipunga mikono hakutoshi.

Lakini ishara ina hila. Mwalimu akisema dort huku ameegemeza shavu kiganjani, mtoto anasoma kiganja, sikio linapumzika. Kwa siku za mwanzo ni sawa. Baada ya hapo neno litangulie, kimya kidogo, watoto wafanye ishara, na mwalimu afuate mwisho kuthibitisha. Tulipofanya hivyo siku ya kwanza nusu ya darasa ilisimama ikisubiri mikono ya mwalimu. Mvulana mwenye usonji ndiye aliyelala chini mara moja. Yeye hakuwa akisoma mikono ya mtu tangu mwanzo.

Halafu likazuka tatizo ambalo hakuna aliyelitazamia kwenye kikao. Kuna mtoto wa tano, mvulana anayetembelea magongo, ambaye kwenye karatasi ya kwanza alikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri. Kwa kadi na kuitikia hakuwa na shida. Sasa darasa zima linaruka na kuanguka, yeye amekaa. Tulikuwa tumewafungulia mlango wanne na kumfungia mmoja, na kwa siku mbili hakuna aliyesema kitu kwa kuwa mtoto mwenyewe ni mpole. Msaidizi ndiye aliyeona. Suluhisho lilikuwa jepesi: anayeruka na kuanguka awe mwanasesere wa paka, kwa kila mtoto, si kwa yule mmoja tu. Kila jozi ya watoto ina paka wake na sanduku lake. Mmoja anatoa amri, mwingine anamrusha paka. Kelele zilipungua, na kikapatikana kisichokuwapo kabla: watoto sasa walikuwa wanaamrishana, jambo ambalo kwenye mtindo wa Asher mara nyingi hubaki mikononi mwa mwalimu kwa muda mrefu.

Viti, msaidizi na dakika tano za asubuhi

Mengine yalikuwa madogo na nayapitia haraka. Watoto wakapangwa nusu duara, mwalimu asimame mwanga ukimmulika usoni na si mgongoni, asiseme akiwa ameugeukia ubao. Kuitikia kwa pamoja kukapunguzwa mpaka mara moja kwa kipindi. Vipindi viwili virefu vya wiki vikakatwakatwa kuwa vifupi vya kila siku. Tangu Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, achapishe matokeo yake kuhusu kumbukumbu mwaka 1885 inajulikana kwamba marudio yaliyotawanywa hushikika kuliko yaliyorundikwa, na bado ratiba za shule hupenda kurundika.

La msaidizi halikuwa dogo. Alikuwa na mazoea ya kuketi kati ya msichana mwenye sindromu ya Down na mvulana wa shimesikio, akiwanong'oneza maana ya kila neno. Kwa moyo mwema kabisa. Matokeo yake, Kifaransa kikisemwa, hao wawili walimgeukia yeye. Kwa nini mtoto ahangaike na neno geni ikiwa tafsiri inamfuata sikioni? Tena mnong'ono ndio usemi mgumu kuliko wote kwa mwenye shimesikio. Akahamishwa akae nyuma, akapewa kazi mbili: kuangalia betri na kipimo cha sauti sita, na dakika tano za asubuhi.

Dakika hizo tano ndizo zilizochukua nafasi ya pendekezo la kuondoa watoto. Kabla ya kipindi, msichana mwenye sindromu ya Down na wenzake wawili wanaobadilishana kila siku wanakaa na msaidizi mkekani, wanacheza maneno mawili ya siku hiyo. Basi. Kipindi kikianza, yeye anakutana na maneno anayoyafahamu. Msaada wa baada ya somo humkuta mtoto ameshashindwa mbele ya wenzake. Wa kabla humwingiza akiwa na kitu mkononi. Nasikia hoja kwamba kumtenga mtoto hata dakika tano ni kinyume cha elimu jumuishi. Siikubali. Tamko la Salamanca la 1994 kuhusu elimu ya wenye mahitaji maalumu, lililopitishwa na wawakilishi wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa, na ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, havikusema kila mtoto afanyiwe jambo moja kwa wakati mmoja. Ibara ya 24 inataja wazi marekebisho yanayofaa na msaada unaomlenga mtu mmoja mmoja, ndani ya mfumo wa wote. Swali ni msaada unampeleka wapi: kwenye somo la wenzake, au mbali nalo. Chumba cha pili kilikuwa kinawapeleka mbali.

Matokeo

Karatasi mpya ya tathmini ina safu tatu: anatambua, anafanya, anatamka. Baada ya wiki kadhaa na kihadithi cha paka, mvulana wa shimesikio anatambua yote sita na kuyatamka yote, saute ikitoka "ote". Hatukumsumbua nayo, hilo ni la mtaalamu wa usemi. Msichana mwenye sindromu ya Down anatambua manne, anaonyesha matano kwa ishara, anatamka mawili, tombe akiisema kwa shangwe hata pasipo na kinachoanguka. Mvulana mwenye usonji anasema "le chat tombe" nzima. Siku moja penseli ilibingirika kutoka mezani, akaitazama na kusema "tombe". Le chat aliiacha. Kwangu hilo lina thamani kuliko alama yoyote, maana ameikata sentensi aliyoimeza nzima na kukitumia kipande kinachohitajika.

Msichana mkimya anatambua na kufanya yote. Kutamka bado. Msaidizi amemsikia akimwamrisha mwenzake kwa mnong'ono wakicheza na mwanasesere, alipokaribia akanyamaza. Tulikubaliana asiulizwe mbele ya darasa, na pia asisifiwe kwa kishindo siku atakaposema, kwa sababu kishindo nacho ni jicho la watu.

Watoto waliokuwa na alama nzuri mwanzoni? Sita walewale walipimwa tena, maneno yakiwa yamechanganywa. Watano waliyajua yote sita kwa kuyasikia tu. Na yule wa kuhesabu kwa vidole alijibu bila kuhesabu.

Si wote walioridhika. Mzazi mmoja alilalamika kwamba mtoto wake alikuwa anajua maneno manane na sasa anajua sita, watoto wenye vipaji wanarudishwa nyuma kwa ajili ya wengine. Malalamiko ya haki kuulizwa. Mwalimu hakubishana, alimwita, akamwonyesha zile kadi za zamani zikiwa zimechanganywa, na mtoto akajibu mbele yake. Alipata tatu. Mzazi akaomba apewe orodha ya wiki inayofuata mapema.

Lililobaki halijaisha ni fomu ya ripoti ya muhula, yenye kisanduku kimoja cha alama ya Kifaransa. Mwalimu ameambatisha karatasi ya safu tatu na kukiacha kisanduku wazi kwa watoto wote 31. Mkuu wa shule amekubali kwa muhula huu peke yake. Mbwa, farasi, mbuzi na ng'ombe watarudi, mmoja mmoja, kila mmoja kwenye kihadithi chake, na chien hatafundishwa mpaka chèvre awe amezoeleka.